Mvua ya Birika

Nikidanganya hata chembe, ulimi wangu na uote kutu. Haya yote ni kweli tupu, na paa langu ni shahidi.

Juu ya paa hilo pana kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Alikifunga binti yangu, kitinda mimba, kabla ya kuhamia kazini mbali, mahali pa kufikwa kwa ndege mbili. Kina vikombe vya kupima upepo, kipimajoto, kipima unyevu, na kopo la mvua lenye kijiko ndani: kikijaa kinapinduka, na kila kikipinduka kinahesabu. Hesabu zinakwenda zenyewe kwenye simu yake, yangu, na ya dobi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kituo hakihitaji mtu. Nami, tangu nistaafu na mama watoto atangulie, hakuna anayenihitaji. Tukaelewana.

Nikajipa ukurugenzi. Kila asubuhi natangaza kwenye grupu la mtaa: "Joto nyuzi thelathini na moja. Upepo wa jana ulivuma mpaka kivuli changu kikanitangulia kufika nyumbani." Watu wanatuma vikatuni vya kucheka, basi. Habishi hodi mtu. Dobi tu ndiye aliyenifuata kwa imani. Nikisema jua, anaanika. Akanibatiza Mzee Mawingu.

Binti naye alipiga kwa nadra.

"Baba, hali?"

"Nyuzi ishirini na nane, upepo wa kusini."

"Safi. Niko kazini, baba. Tutaongea."

Simu ikakatwa.

Siku moja ikanyesha mvua ya kufa mtu, na simu ikalia mabati yakiwa bado yanachuruzika. "Baba! Paa halivuji? Umekula? Usitoke, utateleza!" Tukaongea mpaka sikio likapata moto. Akanikumbusha mama yake alivyokuwa akikinga maji kwa kila sufuria, mpaka ya chai. Usiku ule nililala nacheka.

Kisha kikaja kiangazi. Mbingu zikakauka, simu nayo ikakauka. Nikaanza kusalimiana na friji. Lenyewe angalau linanguruma.

Ndipo asubuhi moja nikapanda ngazi na birika la maji. Nikamimina taratibu juu ya kopo, kijiko kikasema ka, ka, ka. Sijakanyaga chini, simu hiyo!

"Baba, mvua huko? Umefunga madirisha?"

"Gharika, mwanangu! Bata wanaomba waokolewe!"

Nikasikia dobi ng'ambo ya ukuta anaanua mashuka mbio, kisha anamwambia mtu wingu limepita. Moyo ulinisuta kidogo. Kidogo sana, kwa sababu binti alikuwa bado anaongea.

Kesho yake nikaona birika ni uchoyo. Nikapanda na ndoo.

"Baba," akasema binti, sauti ya upole wa hatari. "Milimita sitini za mvua. Unyevu wa hewa asilimia ishirini na tano. Mvua gani hii inayonyeshea kopo peke yake?"

"Mwanangu, mvua za siku hizi zimepata elimu, zinachagua..."

"Mzee Mawingu!" Dobi huyo getini, mashuka mabichi begani, jua linamuunguza utosi. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi juu ya ngazi. "Kumbe Mungu wangu wa mvua ndiye huyu, na kandambili zake?"

Binti akasikia yote. "Baba, leo umechafua hali ya hewa kweli kweli."

Dobi alicheka mpaka akashika ukuta. Binti hakucheka.

"Kwa nini, baba?"

Nikatafuta uongo. Mimi, mwenye maghala ya uongo! Sikupata hata wa kuazima.

"Mvua ikinyesha, unapiga," nikasema.

Dobi akaja akanishikia ngazi.

"Lipa faini," binti akasema mwishowe, pua imeziba. "Nikikuuliza hali, sitaki ya hewa. Nataka yako. Anza sasa hivi."

"Hali yangu..." Nikashuka kipago kimoja. "Nyumba ni kubwa, mwanangu. Jana nimeliaga friji kabla ya kulala."

"Nakusikiliza, baba. Endelea."

"Na faini yangu mimi?" dobi akadakia, akinipokea ndoo na kunipa vibanio vya nguo. "Yote haya unayaanika wewe."

Nikaanika kamba nzima, simu begani nimeibana kwa shavu, nikimweleza binti habari za nyumba kubwa. Kila nilipoelekea kutia chumvi, dobi alinichomeka kibanio mdomoni.