Bendera Kwenye Kamba ya Nguo

Jirani yetu tunayemwita Redio anadai aliona kwa macho yake mawili: bendera ya ofisi ya serikali imening'inia uani kwetu kichwa chini miguu juu, ubavuni mwa chupi ya mtu, na mlinzi alipoiona akapiga saluti, kisha akazirai.

Kuzirai ni chumvi yake. Na ile haikuwa chupi, ilikuwa foronya. Yaliyobaki ni kweli.

Shangazi yangu ni dobi. Mapazia na vitambaa vya meza vya ofisi ile ndivyo vinavyotulisha. Mlinzi, ambaye ndiye huipandisha bendera kila asubuhi, aliileta imeshiba vumbi. Shangazi akaifua peke yake kwenye beseni, kwa heshima zote, akaianika kama anavyoanika mashati: upande wa chini juu, ili alama za vibanio zisikae mabegani.

"Kwani bendera ina mabega, shangazi?"

"Kila nguo ina mabega."

Mlinzi alipoingia alipiga saluti, kisha akashika kiuno. "Mama! Umeipindua! Mkubwa akisikia, kazi ya ofisi mtaisikia kwa majirani."

"Kwa jirani huyu tunasikia kila kitu," shangazi akajibu, lakini papo hapo akaanza kubandua vibanio.

Mimi nilitaka kujua. "Samahani, afande. Wewe ulifundishwa ianikwe vipi?"

Akakohoa. "Isiguse chini. Ishushwe kabla ya giza. Ikichanika isipandishwe."

"Hayo ni ya mlingotini. Ikiwa imelowa je?"

Akaitazama kamba, akaitazama bendera. "Huko... hatukufika."

Basi vibanio tukaviacha. Yeye akashika pembe moja ya juu, mimi nyingine, rangi zote mahali pake, tukasimama juani kama watu wanaopigwa picha. Shangazi akawa anakinga ncha za chini zisiburute. Redio alichungulia juu ya ukuta.

Ilipokauka tukaikunja. Mlinzi akaipokea kwa viganja viwili, kama mtoto aliyelala.

"Afande," shangazi akasema, "na mapazia ya mwezi ujao, utatuletea?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Mikono yake imejaa, nikamfungulia. Akapita polepole, macho kwenye ncha moja ya bendera iliyotaka kuning'inia.