Mpira Mweusi

"Sifuri," alisema Vedasto, fundi msaidizi, akajipigia makofi. "Sifuri safi, dada. Unaondoka."

Dainess alikuwa amepiga magoti ndani ya ndege ya utafiti, mbele ya mashine yake ya kuhesabu chembe za hewani, zile ndogo zisizoonekana kwa macho. Kabla ya kila safari walivalisha mdomo wa mashine chujio. Hewa ikishachujwa haibaki na chembe, kwa hiyo mashine lazima isome sifuri. Ikisoma zaidi, kuna mahali panavuja. Leo ilikuwa imesoma sifuri. Profesa Huang, ambaye wote walimwita Laoshi, yaani mwalimu, aliitikia kwa kichwa akashuka kuwahimiza watu wa mafuta.

Mtu mwingine angefunga mkanda na kushukuru. Kiti cha mtafiti kilikuwa kimoja tu, na Dainess alikuwa amekitamani tangu aje Guangzhou kusoma. Kule chini kundi jingine la chuo lilisimama na mashine yao, likiomba kimoyomoyo ya kwake igome.

Akatoa chujio ili mashine ivute hewa ya nje. Namba zikapanda kidogo, zikatulia.

"Umeona?" Vedasto alisema. "Mvua ya jana imesafisha mji."

"Mji gani, huu?" Moshi wa lori la mafuta ulikuwa ukiingia mlangoni. Dainess alilelewa Muleba, kwenye jiko la kuni, na moshi haukuwa mgeni kwake. "Koo linaniwasha, mashine inasema niko kileleni mwa mlima. Mmoja wetu anadanganya, na si mimi."

Huyu dada hakuwahi kujishuku bila sababu. Alifungua kifuniko. Mahali pa mpira mweusi wa kupitisha hewa palikuwa na mpira mpya, mweupe, unaoonyesha ndani.

"Nani kabadilisha?"

"Mimi, jana," Vedasto alisema, bado akitabasamu. "Ule ulishachakaa. Huu ukiingia uchafu tutauona."

Hasira zilimpanda Dainess, kisha akamhurumia. "Vedasto, nywele kavu ukizichana kwa chanuo la plastiki zinafanyaje?"

"Zinalifuata chanuo." Tabasamu likamtoka.

"Basi na chembe zinaufuata mpira wako. Zinanasa njiani, hazifiki kwenye mashine. Ule mweusi una kaboni, haushiki umeme kama chanuo."

Laoshi alirudi, akaikuta mashine imefunguliwa. "Bu xing," alisema. Haiwezekani. "Ilishapita ukaguzi. Mafuta yamejaa. Ukichelewa, kiti nawapa wenzako."

"Wape, Laoshi. Lakini hii hairuki ikiwa hivi." Hakupandisha sauti, ingawa alikitaka kile kiti kuliko kitu chochote.

Laoshi aliutazama mpira mweupe. Akaitazama saa yake, akaketi kwenye ngazi ya ndege. "Haraka," alisema.

Vedasto alikwishaurukia mfuko wa taka. Aliuvuta mpira mweusi, akakata ncha iliyochakaa, na Dainess akaukaza. Kwa chujio, sifuri. Bila chujio, namba zilipaa.

"Hiyo sasa ndiyo Guangzhou," Vedasto alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, dada."

"Shuka, mlango unafungwa," Dainess alimwambia, akamfinya bega.

Ndege ilipenya ukungu wa kijivu na namba zikazidi kupanda. Halafu ghafla bluu ikajaa madirishani, na kwenye kioo cha mashine namba zikaporomoka. Waliendelea kupanda mpaka mji ukabaki doa chini ya ukungu wake.

"Huko kuna kitu?" Laoshi aliuliza redioni kutoka uwanjani.

Dainess alikikodolea macho kioo cha mashine. Chembe moja. Kimya kirefu. Moja nyingine.

"Chache, Laoshi," alisema. "Lakini zinafika."

Aliweka kidole juu ya mpira mweusi. Hewa ilikuwa ikipita ndani yake, ikitetemeka kidogo.