Chembe za Mkate Kwenye Siagi

Yule dobi hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Kazini kwao waliletewa mashuka ya hoteli na ya nyumba za wagonjwa, na wenzake waliposhindwa walimwita yeye: damu iliyoganda, usaha, matapishi ya mtoto yaliyokaukia kwenye foronya. Aliligeuza doa, akalinusa kujua ni la nini, kisha akaendelea kutafuna mkate wake. "Wewe mwenzetu una tumbo la chuma," walimwambia.

Kumbe tumbo lenyewe ndilo lililokuwa bovu. Lilikuwa likimjaa kama puto kila alipokula. Choo chake kilikuwa cheupe, cha mafuta, kinaelea na kukataa kuondoka na maji, na harufu yake ilimfanya aogope kutumia choo cha kazini. Alikonda. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Alikunywa dawa za minyoo mpaka minyoo, kama ilikuwepo, ikahama yenyewe. Mwishowe akaenda kwa daktari akamweleza yote bila kupunguza, maana mficha uchi hazai. Akapimwa damu, akaingizwa mpira kooni, na jibu likatoka: siliaki. Ile gluteni inayoufanya unga wa ngano unate, mwilini mwake ilikuwa ikiuchubua utumbo. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha ngano na shayiri na kila kilichoguswa navyo, maisha yote.

"Hata kidogo?" aliuliza.

"Hata chembe."

"Sufuria zile zile nitapikia?"

"Za chuma zikioshwa vizuri, sawa. Mwiko wa mbao na chujio, tafuta vyako. Sponji pia. Usikaange kwenye mafuta yaliyokaangiwa vitu vyenye unga. Wali, mahindi, viazi, mayai, nyama, matunda, kula ushibe. Soseji na mchuzi wa soya, soma kwanza karatasi yake."

"Na mtu akila mkate, halafu..." Dobi akatazama ukuta. "Halafu akanibusu?"

Daktari akatabasamu. "Apige mswaki kwanza. Mumeo anapenda mkate?"

"Mume wangu anaoka mikate."

Daktari akaacha kutabasamu.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa sababu ya kazi yake ya bekari na kwa sababu hasira zake zilikuwa zikiumuka haraka na kunywea haraka. Waliishi na mama yake, mjane aliyemfundisha kazi hiyo kwenye meza ile ile ya jikoni waliyolia chakula. Nyumba yao ilinukia mkate hata mapazia yalipotoka kufuliwa. Dobi aliolewa akiipenda harufu hiyo.

Hamira alipoambiwa habari za daktari, alikuna kichwa, na kutoka kwenye nywele zake ukaanguka unga kidogo mezani. Wote watatu waliutazama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," dobi alisema, akitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

Mwanzoni alikuwa akiogopa tu. Kinyaa kilikuja baadaye, na kilianzia kwenye siagi. Asubuhi moja alifunua kopo akakuta siagi imechimbwa kwa kisu kilichotoka kupaka mkate. Chembe za kahawia zilikuwa zimenasa humo, nyingine zimelowa na kuvimba, na kando yake unywele mmoja mfupi. Alikuwa ameiona siagi ya namna hiyo maisha yake yote. Siku hiyo mate yalimjaa mdomoni, akafunika kopo na kwenda kusimama dirishani.

Baada ya hapo akawa anaona kila kitu. Sponji ya kuoshea vyombo ilikuwa na utando wa unga uliolowa kwenye vitundu vyake. Ukiiminya ilitoa ute mweupe kama makamasi. Chini ya bomba palikuwa na ukoko wa unga uliokandwa, mkavu juu, laini chini, umeota madoa ya kijani. Na mumewe! Alikuwa na unga masikioni, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo umechanganyika na jasho ukawa nongo ya kijivu. Chini ya kucha palikuwa na vimistari vya unga mkavu. Mikono hiyo ilipomgusa shavu, alirudi nyuma kabla hajafikiri.

"Nimekuwa kinyesi?" Hamira aliuliza.

"Nenda kaoge kwanza."

"Nimeoga!"

"Masikio hukuosha."

Hasira ikaumuka. "Mtu anashika matapishi ya watu asiowajua, halafu masikio ya mumewe yanamtia kinyaa!"

Dobi alijua ni kweli.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Kwake, ugonjwa ulikuwa homa au jeraha. Ugonjwa wa kuchagua chakula hakuujua. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mkwe wangu," alisema. "Mkate ndio uliojenga nyumba hii. Leo umekuwa sumu?"

"Kwangu mimi, mama. Si kwenu."

"Haya. Tutaona."

Hata hivyo alichukua jukumu la kupika, akisema mgonjwa apumzike, na dobi akashukuru. Aliposhika masharti, tumbo lilitulia. Mashavu yakaanza kurudi. Kisha, bila sababu aliyoweza kuiona, yote yakaanza upya: gesi, maumivu, choo kinachoelea. Akatupa dawa yake ya meno akidhani ndiyo. Akaacha kupaka rangi ya mdomo. Alikuwa akisoma karatasi za vikopo mpaka macho yakauma.

Jumapili moja mchana walikaa mezani watatu. Kulikuwa na supu ya kuku na viazi, nzito, inang'aa mafuta. Dobi alimaliza bakuli, akaongeza, akalamba kijiko.

"Mama, supu hii leo imekolea," alisema. "Nzito kama nipendavyo."

Mama mkwe aliweka kijiko chake chini taratibu. Uso ulimng'aa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Uzito wake ni unga wa ngano, mwanangu. Vijiko viwili, nimeukaanga kwanza. Tangu mwezi uliopita nakutilia kidogo kidogo, uuzoee, kama mtoto anavyozoeshwa chakula. Na hujafa. Umelamba hadi kijiko!"

Hamira alitoa kicheko kifupi, cha mtu asiyejua pa kuangalia.

Dobi alitazama bakuli. Supu iliyobaki ilikuwa imeanza kupoa na kufanya ngozi juu. Akakumbuka sahani zote za mwezi mzima, shukrani zote alizozitoa, yule mama akimtazama anavyomeza, akihesabu ushindi wake. Hakukasirika. Hasira ingekuwa nafuu. Alihisi kama mtu aliyegundua kwamba maji aliyokuwa akinywa yalikuwa na panya ndani.

Akakimbilia chooni.

Yaliyotoka juu yalitoka, na baada ya saa moja yakaanza ya chini. Alikaa sakafuni, shavu limeegemea ukuta wenye unyevu, akinuka kama nguo za kazini kwake. Hamira ndiye aliyeingia na ndoo. Alisimama mlangoni akajiziba pua, kisha akaondoa mkono puani na kupiga magoti. Alifuta sakafu. Alifuta miguu ya mkewe. Mara mbili alitoka nje kujizuia kutapika, na mara mbili alirudi.

"Kila siku huwa hivi?" aliuliza.

"Nilikwambia."

"Uliniambia tumbo linauma."

Alipomlaza, alikwenda jikoni na kuanza kutoa vyombo kabatini kimoja kimoja. Mama yake alimfuata akiuliza anatafuta nini. Hamira aliuchukua mwiko wa mbao, ule wa siku zote, wenye ufa katikati. Akaingiza ncha ya kisu kwenye ufa na kukwangua. Likatoka tope la kijivu, la unga na mafuta ya miaka, likinuka kama soksi. Akaliweka mezani.

"Mama, hiki ndicho tunachokula?"

"Hicho ndicho kilichokukuza."

Hamira alifuta kisu, midomo imekunjamana. "Mke wangu akikwambia kitu hiki hali, usimpe," alisema. Hakupaza sauti, na mama yake, aliyezoea hasira ya kuumuka, hakujua la kufanya na hii.

Mambo yalibadilika, ingawa si yote. Hamira alianza kuoga bekari na kuacha nguo za kazi huko huko. Masikio alikuwa akiyasugua hadi yanakuwa mekundu, kisha anamwinamia mkewe akaguliwe, nao wakajifunza kucheka katika ukaguzi huo. Dobi alipata mwiko wake, chujio lake, siagi yake, na kabati la juu ambalo mama mkwe halifikii. Akanenepa kweli.

Lakini kinyaa hakikuondoka. Watu walipopita karibu na bekari walipunguza mwendo wavute harufu. Yeye alivuka barabara akijiziba pua kwa kanga. Na kutoka mkononi mwa mama mkwe hakula tena kitu chochote, isipokuwa chenye ganda lake.

Siku moja mama mkwe alimchemshia yai. Alinawa mikono mbele yake, akalimenya polepole, akamnyooshea likiwa jeupe, linatoa moshi. "Chukua, mwanangu. Yai tu."

Dobi aliona alama ya kidole kwenye ule weupe. Akarudi hatua moja nyuma.

"Siwezi, mama. Nisamehe."

Yule mama aliurudisha mkono wenye yai. Kisha akalila mwenyewe, kwa matonge mawili, akafungua sufuria na kumsogezea lingine, bado na ganda.

"Basi menya mwenyewe," alisema.

Dobi akaenda kunawa.