Aliyebaki Mina

Tangu Idi ipite, Mwanarusi hakutulia. Akikaa husimama, akisimama huenda dirishani. Redio ya muuza vitambaa wa mtaa wa Ndia Kuu ilikuwa imesema kwamba huko Mina, mahujaji wakirusha vijiwe, watu walisukumana na wengi wakafa. Majina hayakutajwa. Na huko Mwanarusi alikuwa na mumewe, Aidarus, na mamake mzazi, Bi Mwanaesha.

Alijitanda buibui akaenda kwa jirani yake Razia. Babake Razia, Mzee Badruddin, alikuwa katika msafara uo huo. Mzee yule haoni vizuri, na Aidarus ndiye aliyeahidi kumwongoza.

"Umesikia lolote?"

"Hata, dadangu. Nimeteleka chai nikaisahau, imekauka jikoni."

Wakawa hivyo majuma kadhaa, wakiombea wote warudi, na moyoni kila mmoja akianza na wake.

Meli ilipotia nanga Kilindini, mahujaji waliteremka wamekonda, vichwa vimenyolewa. Razia alipiga ukelele: "Baba!" Mzee Badruddin alikuwa ameshika bega la Aidarus. Mwanarusi alitazama nyuma yao, akatazama hata ngazi ya meli ikawa tupu.

Wakafika nyumbani. Hapo Aidarus akaongea akiuelekea ukuta.

"Nilikuwa nimewashika wote wawili, huku mama, huku mzee. Watu wakatujia kwa nyuma kama nyumba inayoporomoka. Mzee akaanguka magoti. Nikamwinua kwa mikono miwili."

"Kwa mikono miwili," Mwanarusi alirudia.

"Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Nilipogeuka, mama simwoni. Nilikuja kumpata miongoni mwa maiti."

Waliokuja matangani walisema marehemu kabahatika, kafia pahali patukufu. Mwanarusi aliitikia amin. Lakini hakutaka kukaa na mumewe. Alimtengea chakula akaondoka.

Mzee Badruddin akawa anakuja kubisha hodi, naye Mwanarusi hamfungulii. Siku moja mzee akaketi barazani, jua likamfuata pale pale, asiondoke. Mwanarusi akafungua.

"Mwanangu, nimekuja unitukane," mzee alisema. "Kwangu wote wanamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nimechoka kushukuriwa."

Maneno aliyokuwa ameyaweka Mwanarusi yalikuwa mengi. Lililotoka ni moja: "Ulimsikia mama akisema nini?"

"Nilisikia sauti nyingi. Yake sikuipambanua. Ningeweza kukudanganya upoe moyo, lakini nimetoka hija."

Mwanarusi alilia pale mlangoni, kisha akamshika mzee mkono akamtoa juani.

Juma lile Aidarus alikwenda sokoni Marikiti akarudi na kikapu kitupu, na alipokwenda tena ikawa vile vile. Mwanarusi akafuatana naye. Penye mlango wa soko, wachukuzi wakipiga kelele wapishwe na watu wakibanana, Aidarus alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Siwezi kuingia," alisema.

Hasira ya Mwanarusi ilikuwa bado ipo, aliisikia kifuani. Lakini alikichukua kile kikapu mkononi mwa mumewe.

"Kuna mama auza mchicha pale kona, hana watu," alisema. "Twende."

Wakaenda, Aidarus akipita ubavuni mwa ukuta, Mwanarusi upande wa watu. Mchicha wenyewe ulikuwa umenyauka. Wakaununua hivyo hivyo.