Sababu ya Safari

Siku ya kumi na mbili tangu aone damu, Mwamvua alisimama kwenye foleni ya ruhusa nje ya ofisi ya kijiji, nyuma ya mumewe Mwinshehe, akihesabu watu waliowatangulia. Walikuwa sita. Mvua ilikuwa imelainisha udongo mpaka foleni nzima imezama nyayo, lakini hakuna aliyethubutu kutoka akatafute pakavu, maana ukitoka hurudi pale pale. Ulikuwa mwaka wa pili tangu wapakiwe kwenye lori kutoka kwao Ruhembe na kupangwa mistari miwili kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka Mikumi. Nyumba zilikuwa mpya. Na sheria ya kuomba ruhusa ya kusafiri siku ya kazi nayo ilikuwa mpya.

Keshokutwa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Daktari Oswald wa Kilosa alikuwa ameisema mara mbili, akihakikisha amesikika: siku ya kumi na nne, na uje na mume.

Walimwendea mwezi wa Januari, kabla kazi ya shamba la pamoja haijakaza. Kwa miaka tisa ya ndoa watu wote walikuwa wamempima Mwamvua, kwa macho na kwa maneno. Daktari huyo ndiye wa kwanza kusema kwamba na mume apimwe. Majibu yalipotoka aliwaita wote wawili akafunga mlango.

"Kwa mama sioni tatizo," alisema. "Mbegu zako, Bwana Mwinshehe, ni chache. Na hizo chache nyingi zinachoka njiani."

Mwinshehe alitazama ukuta. Daktari akaeleza kwamba ipo njia, wala si dawa ya kumeza. Mume anatoa mbegu zake hapo hapo hospitali, kwenye kichupa safi. Daktari anavuta kiasi kidogo kwa mpira mwembamba, anaupitisha kwenye mlango wa kizazi, anaziachia ndani kabisa. Ile safari inayozishinda, zinapunguziwa. Ila lazima iwe siku ambayo yai la mwanamke linashuka, na lazima mbegu ziwe hai. Nje ya mwili, zikizidi saa moja, hazina kazi tena.

"Na si hakika," alisema. "Katika wanawake kumi atashika mmoja, labda wawili. Tutarudia kila mwezi mpaka Juni. Juni nahamishwa."

"Atakuwa mtoto wangu?" Mwinshehe aliuliza.

"Wako kabisa. Mimi nazivusha tu mbegu zako."

Mwamvua alielewa kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alitoka kwenye chumba cha mganga yeyote akiwa na njaa. Alikula ndizi nne kwenye ngazi ya hospitali. Mwinshehe hakula. Walipokaribia kijijini ndipo alipofungua mdomo.

"Maneno ya daktari yamebaki Kilosa. Umenisikia, Mwamvua?"

"Nimesikia."

Ule mpira ulichelewa kuja kutoka Dar es Salaam, ukafika Aprili. Na Aprili ndipo magugu yalipoisonga pamba ya kijiji.

Mwenyekiti Cleopa alikuwa na meza, daftari na muhuri. Daftari alilichora mistari mwenyewe: jina, siku, aendako, sababu ya safari. Mlango aliuacha wazi ili foleni isikie, kwa sababu, alivyopenda kusema, serikali ya wananchi haina siri.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti," Mwinshehe alisema.

"Marahaba. Wapi?"

"Kilosa, hospitali. Keshokutwa. Mimi na mwenzangu."

"Sababu?"

"Ugonjwa."

"Nani mgonjwa?"

Mwinshehe alivua kofia. Mwamvua aliuona mgongo wake ukikakamaa, akajua atakachosema.

"Mke wangu. Mambo ya uzazi."

Cleopa aliandika huku akitamka: mke, uzazi. Kisha akainua kalamu. "Basi yeye aende. Wewe una ugonjwa gani?"

"Namsindikiza."

"Hana miguu? Una ekari nusu ya kupalilia keshokutwa, ndugu. Kila mtu akimsindikiza mke wake, pamba ya taifa nitaipalilia mimi na nani?"

Nyuma walicheka. Mwamvua akasogea mbele, jambo ambalo wanawake hawakulifanya pale.

"Ndugu mwenyekiti, daktari ametuita wote wawili. Bila yeye matibabu hayafanyiki."

"Wote wawili kwa nini?" Cleopa hakumtazama yeye, alimtazama mumewe. "Hebu tuelewane, niandike vizuri. Nani asiyezaa hapa? Wewe au yeye?"

Foleni ilisogea karibu. Jibu moja tu la kweli, hata la mnong'ono, lingewapandisha wote wawili kwenye basi. Mwinshehe aliikunja kofia yake mara mbili.

"Ni yeye," alisema.

Muhuri ulipigwa: mtu mmoja, siku moja, kurudi kabla ya magharibi, kuleta uthibitisho wa hospitali.

Njiani kurudi nyumbani Mwamvua hakumlaumu. Alikuwa na hasira ya kumtosha mwaka mzima, lakini siku mbili ndizo alizokuwa nazo na hakutaka kuzipoteza kwa ugomvi. Alichemsha kichupa cha vidonge vya klorokwini mpaka harufu ikaisha. Alfajiri ya siku ya kumi na nne alimpa mumewe, akatoka nje kumngoja. Mwinshehe alimrudishia bila kumtazama. Mwamvua alikifunga kwenye kitambaa, akakibana kwapani chini ya kanga, kwenye joto, akaenda kusimama barabarani.

Saa moja, alisema daktari. Kukiwa kukavu basi lilichukua saa mbili na nusu. Alilijua hilo. Alijiambia kwamba madaktari huwa wanapunguza ili watu wasichelewe, kama wanavyofanya watu wa stesheni.

Kabla ya kijiji cha Ulaya basi lilizama kwenye tope. Wanaume walishuka kusukuma, kisha na wanawake wakaambiwa washuke wasukume. Mwamvua alisukuma kwa mkono mmoja.

"Wewe mama, huo mwingine unauogopea nini?" utingo alimfokea.

"Una jipu," alisema, akaendelea kubana.

Alifika hospitali saa saba mchana, matope magotini. Nesi Fausta alitazama nyuma yake, kwenye veranda tupu.

"Mume yuko wapi?"

Mwamvua alitoa kichupa. Nesi alikipokea, akakipeleka ndani. Baada ya muda Daktari Oswald alimwita kwenye darubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mwamvua aliona mwanga, kisha vitu vidogo vyenye mikia, vimetawanyika, vimetulia. Alingoja. Alidhani pengine vinapumzika.

"Zimekufa," daktari alisema.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Niwekee hivyo hivyo, daktari. Leo ndiyo siku yangu."

"Nikikuwekea nitakuwa nakudanganya, na ninaweza kukuletea ugonjwa." Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimuumiza Mwamvua kuliko ukali. "Mwezi ujao njoo naye."

"Hatapewa ruhusa. Niandikie basi. Andika kwamba si mimi, ni yeye. Nimpelekee mwenyekiti karatasi yenye muhuri wa hospitali."

Daktari alifuta miwani yake. "Siwezi kutoa siri ya mgonjwa. Bwana Mwinshehe aje aniruhusu mwenyewe."

"Angekuja, ningekuomba karatasi?"

Daktari alivuta karatasi. Aliandika kile alichoruhusiwa kuandika: kwamba Mwamvua amehudhuria kliniki ya wagumba.

Mei, siku yake ya kumi na nne ilikuwa siku ya kumpokea mgeni wa chama, na kijiji kizima kilitakiwa kujipanga barabarani. Juni daktari aliondoka na ufundi wake. Mpira ulibaki kabatini, Nesi Fausta akisubiri mtu anayejua kuutumia.

Baada ya mavuno mama yake Mwinshehe aliita kikao cha ukoo. Hakuna aliyepandisha sauti. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja na daftari la ruhusa, akawasomea mstari wa Aprili, na ile karatasi ya hospitali iliyobanwa pembeni. Wazee walitikisa kichwa kwa huruma, wakaamua Mwinshehe aongeze mke. Mwinshehe aliketi mkekani akichuna ukoka mmoja mmoja, wala hakuinua uso hata mkewe alipomtaja kwa jina. Alipokwenda kuomba ruhusa ya kwenda kuoa Kimamba, Cleopa alimpa siku nne na akampa mkono wa heri.

Mke mdogo aliitwa Tausi, mwenye miaka kumi na tisa, mcheshi, mwepesi wa kazi. Alimwita Mwamvua dada na kumnyang'anya ndoo ya maji kila alipomwona nayo. Mwaka ukapita bila mimba. Kisha siku moja alasiri mama mkwe alileta sufuria ya mizizi iliyochemshwa, nyeusi, akasimamia mpaka bakuli la kwanza likaisha, akaondoka akiagiza kwamba yamebaki mawili.

Tausi alitapika mpaka akapiga magoti. Mwamvua alimshika paji la uso. Nje, chini ya dirisha, Mwinshehe alikuwa akijaza upepo gurudumu la baiskeli.

"Dada," Tausi alisema, akifuta mdomo kwa ukingo wa kanga, "hii wewe ulikunywa mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Ikishindikana watanipeleka Kilosa? Nasikia wewe ulikwenda. Ni mimi nimeharibika, eti dada? Niambie ukweli."

Nje pampu ilisimama. Mwamvua alisikia ukimya wake, akajua kwamba mwenye pampu ameinua kichwa. Aliutazama uso ule wa mtoto, macho yamejaa maji. Akisema, atafukuzwa kesho, na daftari litasema mwongo ni yeye. Asiposema, kesho binti huyu atakunywa tena.

Alimfuta Tausi machozi kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono, akachota bakuli la pili.

"Bana pua," alisema. "Meza upesi, usiionje."

Tausi akabana pua. Nje pampu ikaanza tena.