Muntu wa Kushika Bulangeti

Dawa ya kufukiza kifua naijua hata ukinifunga macho. Majani ya kalitusi mikono mibili yenye kujaa, sinda, njo mchaichai, mukono moja, lumba-lumba, yenye kunuka kama rehani, kidogo tu, juu ikizidi inachoma macho, maganda ya ndimu tatu, majani tano ya mapera. Zote unaziosha kwanza. Mwezi wa sita vumbi ya hapa Katuba inakaa ku kila jani kama unga. Unatia mu sufuria, unaweka ku mbabula, jiko ya makala ya moto, unangoja mpaka kifuniko kinaanza kurukaruka. Mugonjwa anakaa ku kiti kifupi, sufuria katikati ya miguu, unamufunika bulangeti nzito, na yeye kule ndani anafungua kifuniko polepole.

Lakini ile kazi iko ya bantu babili. Mumoja ndani, mumoja inje. Wa inje anabana bulangeti mugongoni, mvuke isitoke, na anasema Salamu Maria. Wa ndani anajibu. Mama yangu alinifundisha vile, kule Mitwaba. Kujibu haiko tu juu ya Mungu. Mugonjwa akiacha kujibu, njo unajua pumzi imemuishia, unatosha bulangeti mbio.

Mwaka huu baridi ilinishika kifua juma mbili nzima. Nilikunywa tangawizi na asali, nilijipakaa mafuta ya mawese yenye moto ku mugongo, mahali mukono unafika. Hakuna kitu kilisaidia. Zamani nyumba hii ilikuwa ya bantu munane. Sasa niko peke yangu, na kule nyuma mupangaji wangu Abigaïl, mwenye kuuzisha samaki kavu ya Pweto ku soko. Nikapigia simu mutoto wangu Germaine, anakaa Karavia, hapa tu mu muji.

"Germaine, kuja unishikie bulangeti. Nusu saa tu."

"Mama, enda ku dispansere."

"Nitaenda. Lakini mbele ya kuenda..."

"Kazi iko mingi, mama. Nitatuma Léonard akuletee siro ya kukohoa ya farmasi."

Léonard njo bwana yake. Siro ilifika. Germaine mwenyewe, tangu tuzike baba yake, miaka ine, hajakanyaga mulango wangu. Anasema iko kazi, iko barabara, iko mvua, hata mwezi wa sita, wakati mvua haina. Miye nilifikiri najua sababu: Germaine anaogopa bulangeti.

Basi nikajaribu peke yangu. Nilibana bulangeti mbele na vibanio vya kuanikia nguo. Nikasema Salamu Maria, nikajijibu. Ku Salamu ya ine sikujua tena kama niko wa ndani ao wa inje. Kichwa kikazunguka, muguu ukapiga sufuria, maji yote ikamwangika ku saruji. Bahati tu haikuniunguza.

Nikachemsha ingine, nikaenda kugonga kwa Abigaïl. Alikuwa anapanga samaki mu kitunga. Yeye anasalia ku kanisa ya réveil, ya bantu wa kuokoka, na miye ananiita nkambo, kama bibi yake.

"Nkambo, ile majani yako, pasteur wetu anasema iko ya balozi, ya bachawi."

"Na samaki yako inanuka mpaka ku paroisse, ku kanisa yetu, na bado sijakuita mulozi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Sawa, nakuja. Lakini Salamu Maria siijue."

"Uniulize kitu chochote. Kama ninajibu, niko muzima."

Akanifunika, akabana muzuri, mikono yake iko na nguvu. Ndani ilikuwa giza na moto, harufu ya kalitusi ikaniingia mpaka ku masikio.

"Nkambo, ulizaa batoto ngapi?"

"Sita."

"Wa kwanza?"

"Mwelwa. Anaendesha kamio ya mizigo, iko Kolwezi."

"Wa pili?"

"Germaine."

"Ule wa Karavia, mwenye hakujaka?"

"Shika bulangeti, acha maneno."

"Ninashika. Wa tatu?"

"Mukuka. Aliolewa mbali."

"Wa ine?"

Wa ine alikuwa Chama. Nikafungua kinywa, jina haikutoka.

Chama alikuwa na miaka saba. Homa ilimushika siku tatu. Baba yake alitaka tumupeleke ku hospitali. Miye nikakataa, nikasema hakuna mutoto dawa yangu ilishindwa kumuponyesha. Siku ya tatu nilimuweka chini ya bulangeti, nikamuambia Germaine ashike, alikuwa na miaka kumi na moja, nikatoka kuongeza makala ku moto. Chama alipendaka kunyamaza makusudi, juu ya kukasirisha dada yake. Basi alipoacha kujibu, Germaine aliendelea tu na Salamu Maria, mpaka kumi, anafikiri iko muchezo. Niliporudi, midomo ya Germaine ilikuwa inaenda, na ndani kimya. Tukakimbia ku hospitali. Asubuhi Chama akatuacha. Docteur akasema iko malaria, tungemuleta siku ya kwanza angepona. Tangu pale hakuna muntu alitaja tena lile jina mu nyumba yetu.

Mwangaza ukaniingia mu macho. Abigaïl alikuwa ametosha bulangeti.

"Nkambo! Nimekuita mara mbili, kimya! Unataka banipeleke ku polisi?"

"Ulifanya muzuri," nikamuambia.

Mvuke yote ilienda. Abigaïl aliangalia uso wangu. "Vaa viatu. Tunaenda ku dispansere." Aliacha samaki yake pale mu kitunga, akanishika mukono njia nzima. Infirmière, muuguzi wa pale, alisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipa vidonge vya siku saba.

Mangaribi Abigaïl alienda ku maombi yake. Nikakaa na simu ku magoti, kisha nikapiga.

"Germaine, ile siku ya Chama. Haikukuwa kosa yako. Miye njo nilikataa hospitali."

"Najua, mama."

"Ulikuwa mutoto. Zile Salamu kumi..."

"Mama, najua. Docteur alisema, na miye nilikuwa pale. Haiko ile njo inanizuiya kuja. Zamani nilikujaka juu ya baba; weye, nilikuwa ninangoja useme mwenyewe."

Miaka makumi tatu na mbili alingoja. Na miye nilikuwa ninamuhurumia.

"Sasa nimesema," nikamuambia.

"Umesema." Nilisikia anapumua. "Lakini kuja, bado siwezi, mama. Usinilazimishe."

"Sikulazimishe, mwanangu."

Nikamuuliza kama batoto bake beko na tiriko, zile sweta, juu baridi ya asubuhi iko kali mwaka huu. Akasema beko nazo. Nikamuuliza soksi.

"Na soksi, mama," akasema. "Beko nazo."