Rejesta ya Arobaini na Saba

Fundi cherehani alikaa kwenye benchi la mapokezi ya ofisi yetu ya kumbukumbu tangu saa mbili asubuhi, tepe ya kupimia bado ipo shingoni, na mimi nilikuwa ndani namtafutia mama yake.

Mama mwenyewe alifariki zamani, mtoto hajajua hata kukaa. Shangazi aliyemlea alikuwa mtu wa "hayo yaache," akayaacha mpaka akazikwa nayo. Kilichobaki ni kadi ya kliniki: tarehe ya kuzaliwa inasomeka, namba ya wodi inasomeka, lakini pa jina la mama maji yaliingia na wino ukatawanyika kama utandu wa buibui. Jina hilo lingepatikana mahali pamoja tu, kwenye rejesta ya wodi ya wazazi. Na rejesta hizo, vitabu mia sita na ushee, tulizipiga picha sisi, mimi na wenzangu wawili, miezi kumi na minne, tukaziingiza kwenye mfumo wa kuhifadhi.

"Dakika mbili tu, dada," nilikuwa nimemwambia.

Tarehe yake inaangukia rejesta ya arobaini na saba. Nikaifungua kwenye kompyuta. Kurasa zikaja safi kabisa, ila tarehe zake zilikuwa za nyuma, miezi minne kabla. Nikasema nimebonyeza vibaya. Nikafunga, nikafungua. Ukurasa wa tatu una duara la kikombe cha chai, muuguzi wa enzi hizo alikitua hapo. Duara lile nilikuwa nalijua. Nikafungua arobaini na sita, nikakuta duara lilelile, mahali palepale.

Nikatazama uzito wa faili. Zote mbili sawasawa mpaka tarakimu ya mwisho. Vitabu viwili havilingani hivyo hata vikiandikwa na mkono mmoja.

Hapo nikakumbuka. Utaratibu ulikuwa hivi: unapiga picha kitabu kizima, unaziingiza kwenye mfumo, unakagua, ndipo unabandika kibandiko chekundu mgongoni, kumaanisha karatasi hii imemaliza kazi. Sisi tulikuwa tunabandika mwanzo. Gundi inanata vidoleni, na vidole vyenye gundi vinachafua kurasa, basi tukaona heri tumalizane na gundi ya siku nzima kwanza, tunawe mara moja. Siku hiyo nilibandika arobaini na saba, nikafungua namba yake kwenye mfumo, umeme ukakatika. Tukaenda kunywa chai. Uliporudi, kioo kilikuwa kimejaa picha na mashine inauliza: Kurejesha kazi iliyokatika? Kitabu kina chekundu, picha zipo. Nikabonyeza Ndiyo, nikahifadhi, nikachukua cha arobaini na nane.

Zilikuwa picha za kitabu kilichotangulia.

Na vyenye chekundu vinashushwa ghalani, vinatiwa kwenye magunia, vinakwenda kiwanda cha karatasi kusagwa. Lori la leo linaondoka saa nne. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo.

Mkuu wa kitengo tunamwita Asilimia Mia, kisogoni lakini. Nilimkuta anaweka kola sawa mbele ya kioo cha kabati.

"Bosi, arobaini na saba haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye mfumo."

Akainama kwenye kompyuta yake, akatabasamu. "Hii hapa. Ina tiki ya kijani. Unanishtua bure, binti."

"Tiki ni yake, tumbo ni la arobaini na sita. Si ulitufundisha mwenyewe? Kijani maana yake faili haijabadilika tangu iwekwe. Ukiweka mawe, mfumo utakulindia mawe."

Tabasamu likakauka. Akafungua zote mbili, akaliona duara la chai, akafunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

"Ripoti imeshakwenda juu," akasema kwa sauti ya chini. "Asilimia mia, imeandikwa. Wewe unajua juu ni wapi? Kitabu kimoja katika mia sita! Nani alikifanya?"

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Cheti changu ni cha shule ya msingi tu. Walinichukua kwa sababu mkono wangu hauchani karatasi. Ningesema umeme, na umeme usingebisha.

"Mimi," nikasema. "Na mwenyewe mtoto wa humo yuko nje kwenye benchi."

Sikungoja anijibu.

Nilipopita mapokezi mbio, fundi cherehani akainuka. "Vipi, mdogo wangu, umempata?"

"Yuko kwenye gunia. Njoo."

Sijui kwa nini nilimjibu hivyo, lakini alinifuata bila swali la pili.

Uani, magunia thelathini na moja yalikuwa yameshapandishwa, midomo imeshonwa kwa uzi wa katani. Dereva alikuwa anafuta kioo cha mbele.

"Shikamoo, kaka. Naomba tufungue magunia."

"Marahaba. Hapana."

"Kuna kitabu kimeingia kwa makosa."

"Dada, vyote hivyo vitabu. Jumatatu vitakuwa maboksi ya viatu, utakuja uvae. Kiwanda hakipokei gunia lililofunguliwa, watasema nimeuza njiani."

Fundi cherehani alikuwa ameshapanda lori. Akapitisha kidole kwenye mshono wa gunia la kwanza, akacheka kidogo puani.

"Hii nayo umeita kushona? Huyu alikuwa anafunga mbuzi." Akatoa mkasi mkobani. "Nitafumua, nitashona upya, na huko kiwandani watakuuliza fundi wako nani."

Dereva akaangalia saa. "Saa nne kamili natia moto. Nikiwasha mko juu, twende wote."

Tukaanza. Yeye anafumua, mimi natoa, nasoma mgongo, nasogeza. Mia mbili na tatu. Mia mbili na tisa. Vumbi lilinikaba. Aliyepakia hakufuata namba wala jirani. Arobaini na nane niliikuta gunia la tano, nikasema ndugu yake hayupo mbali, kumbe wametengana kama watoto wa talaka. Gunia la tisa, hamna. La kumi na mbili, hamna. Kila gunia fundi aliniangalia mikono tu, si uso.

Dereva akawasha gari. Sakafu ya lori ikaanza kutetemeka chini ya magoti yetu.

Gunia la kumi na saba. Chekundu changu mgongoni, nilikibandika upande kidogo. Nikaushika ule mgongo, nikasoma namba: arobaini na saba.

Tulifungua palepale. Nikatafuta tarehe, nikateremka mistari kwa kidole: saa ya kujifungua, mtoto wa kike, uzito, na kwenye safu ya mwanzo, kwa wino wa buluu usiolowa popote, jina la mama. Nikampisha asome mwenyewe. Alilisoma kimya, kisha kwa sauti, kisha kwa sauti tena, taratibu, kama mtu anayeita kwenye nyumba asiyo na hakika kama ina watu. Jina sitaliandika hapa. Ni lake.

Alijifuta macho kwa tepe ya shingoni, akachomoa sindano kubwa mkobani. "Haya, tuyashone ya watu."

"Usishone kwanza, dada."

Asilimia Mia alikuwa amefika, amesimama nyuma ya lori, simu inalia mfukoni haipokei. Alikitazama kitabu mikononi mwangu.

"Umeme," akasema. "Tangu tuanze, umekatika mara ngapi?"

"Sikuhesabu, bosi."

"Na wenzako nao hubandika mwanzo?"

"Wote."

Asilimia Mia akaenda mbele, akagonga mlango wa dereva kwa kiganja. "Zima gari. Teremsha yote."

Dereva alianza kubwata. Fundi cherehani akarudi kufumua, safari hii bila kuombwa. Mimi nilikuwa natoa vitabu na kuvipanga chini uani, lakini akili yangu haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye lori la mwezi uliopita, na la mwezi ule mwingine.